Shangazi, niuze mtaji wa dagaa nikapige picha ya kichwa Mwanza?

Shikamoo Shangazi. Naomba jina langu usiliweke, niite tu mama wa Kibirizi, maana huku forodhani tunajuana wote na mawifi zangu safu yako hawaikosi.

Mimi nina miaka 31, watoto wawili, kazi yangu dagaa. Boti zikiingia alfajiri nanunua wabichi, naanika, wakikauka nauzia watu wa Kasulu na wengine wanapakia treni wanapeleka Tabora. Mume wangu anafanya mizigo ya Kalemie kwa hiyo mara nyingi niko mwenyewe na watoto na mama mkwe.

Shida yangu Shangazi ni kichwa, na sijui hata nianzie wapi maana naona kama viko viwili. Kuna cha kila siku, hicho naamka nacho, kinabana kichwa chote ila naweza kufanya kazi, nameza panado mbili naenda zangu ufukweni, mchana nameza zingine. Sasa kuna kile chenyewe. Hicho kabla hakijaanza macho yanakuwa hayaeleweki, naona kitu kinameta pembeni kama jua linavyocheza juu ya ziwa saa nne asubuhi, kina kona kona, kinakua taratibu mpaka naangalia mtu usoni nusu ya uso siioni. Mara moja moja na vidole vya mkono wa kushoto vinafa ganzi, ganzi inapanda mpaka mdomoni. Hiyo inachukua kama nusu saa hivi inaisha, ukisema afadhali ndo kichwa kinaingia sasa, nyuma ya jicho la kulia, kinagonga na mapigo ya moyo nikiinama tu kuokota beseni nahisi kinapasuka. Natapika. Harufu ya dagaa ambayo nimekua nayo tangu mtoto siku hiyo siiwezi, naingia ndani nafunga dirisha na khanga, watoto wakicheka nje naona wananiua. Kinaniachia kesho yake, kikikaza ni keshokutwa, na hata kikiisha nashinda nimelegea siku nzima.

Nimeenda zahanati mara nyingi tu, ninachopewa ni mseto wa malaria, siku nyingine nimepimwa na kuna siku wameandika tu bila kupima, mara nyingine wakasema taifodi. Presha wakanipima wakasema iko sawa. Kikizidi kuna duka la dawa hapa juu naenda nachomwa sindano ya diklofenaki, naamka. Mama mkwe anasema nimetupiwa kitu, alinipeleka Ujiji nikafanyiwa kisomo na nikaumikwa, sikuona tofauti. Mume wangu anasema nadeka, eti kichwa gani kinachagua siku ambazo yeye karudi safari. Mama yangu mzazi marehemu naye nakumbuka alikuwa anajifunga kitambaa kichwani analala gizani, labda ni cha ukoo sijui.

Ila kitu cha ajabu, 2024 serikali ilipofunga ziwa miezi mitatu hela ilikata kabisa tukawa tunahangaika lakini kile kichwa kikubwa kilikuwa hakinijii sana.

Sasa rafiki yangu kanitia hofu, ndugu yake alikuwa anaumwa kichwa hivi hivi kumbe uvimbe. Kasema niende hospitali ya Bugando kule Mwanza nikapige siti skani nisije nikaacha watoto. Hela ninayo ila ni mtaji wote, nauli na kulala na kipimo nikirudi sina hata ya kununulia beseni moja. Mimi magonjwa mengine sina, utotoni nilikuwa na pumu, dawa ninayotumia ni majira tu ya kupanga uzazi tangu mtoto wa pili, na kichwa hata hakihusiani maana kinanipata zaidi nikifika kwenye vile vidonge vya kahawia vya mwisho ambavyo nesi alisema ni vya kuongeza damu tu. Shangazi niuze mtaji niende au nisubiri?

Mama wa Kibirizi, Kigoma

---

Marahaba mwanangu. Mtaji usiuze, angalau sio sasa. Ila kuna kitu umekiandika mwishoni kama unapita tu, ukasema hata hakihusiani, na hicho ndo kimenifanya barua yako niiwahishe mbele ya nyingine. Ni hayo majira. Ntafika hapo, nivumilie.

Kwanza hicho kichwa kikubwa. Jinsi ulivyokieleza, hata daktari angekukalisha akuulize maswali yake yote asingepata maelezo mazuri kuliko hayo. Upande mmoja, kinagonga, ukiinama au ukitembea kinazidi, unatapika, mwanga na kelele huvitaki, kinakaa siku moja mpaka mbili kinaondoka chenyewe. Hicho ni kipandauso, mpaka daktari aliyekushika kwa mikono aseme vingine. Kwa kawaida kisipotibiwa kinakaa kati ya saa 4 na saa 72, yaani siku tatu kamili, na chako kiko humo humo. Na hayo mametameta yenye kona kona yanayokua taratibu pamoja na ganzi ya vidole inayopanda mpaka mdomoni, hizo ni dalili za kutangulia, wataalamu wanaziita aura, kwa kawaida kila moja inachukua dakika 5 mpaka saa nzima afu kichwa kinafuata. Sio kila mwenye kipandauso anazipata, wengi hawana kabisa. Wewe unazo, na hiyo tofauti inabadilisha ushauri wote nitakaokupa.

Kichwa cha kawaida hakiko hivyo. Kile cha uchovu na mawazo kinabana pande zote mbili, kinakera lakini unakwenda nacho sokoni, hakikutapishi, ukiinama hakizidi. Ukimuuliza mtu "ukiumwa kichwa unafanyaje" akajibu nameza panado naendelea, huyo mara nyingi ni cha kawaida, akijibu nafunga dirisha nalala, huyo uliza zaidi. Naujua huu mtego kwa sababu miaka niliyofanya kazi wodini nimewaona akina mama wengi wanaitwa wadekaji kwa ugonjwa unaojulikana kabisa na una dawa. Na wengi wao ni wanawake kweli, kipandauso kinawapata wanawake mara mbili mpaka tatu kuliko wanaume, kinatembea pia kwenye familia, kwa hiyo mama yako na kitambaa chake gizani sishangai hata kidogo.

Sasa malaria. Siwalaumu sana zahanati kwa kuiwaza, Kigoma ni Kigoma, utafiti wa kitaifa wa 2017 mkoa wetu ndo uliongoza nchi nzima, karibu mtoto 1 kati ya 4 wa chini ya miaka mitano alikutwa nayo. Kichwa kikija na homa, kutetemeka, viungo kuuma, nenda kapime siku hiyo hiyo, kile cha kutoboa kidole majibu yanatoka dakika 15 hadi 20. Lakini kupewa mseto bila kupimwa kwa kichwa kisicho na homa, kinachokuja na kuondoka chenyewe miaka na miaka, hapo hapana. Ukipewa mseto siku ya kwanza ya kipandauso, siku ya tatu kichwa kimeisha, kila mtu anasema dawa imefanya kazi, kumbe siku zake zilikuwa zimefika. Na kisomo hivyo hivyo na kuumikwa hivyo hivyo, ndo maana mama mkwe wako huwezi kumshinda kwa maneno, kila anakokupeleka kichwa kinakuja kuisha chenyewe. Kisomo sikukatazi, dua haina sumu. Kuumikwa kwa wembe ambao hujui umetoka kwa nani, huko nakukataza kabisa.

Haya, majira. Vile vidonge vya kahawia vya mwisho ni vya madini ya chuma, nesi alisema kweli. Ila pakiti yenye vidonge 21 vya dawa na 7 vya kahawia kwa kawaida ndo ile ya homoni mbili, na moja wapo ni estrojeni. Ukifika kwenye vya kahawia estrojeni mwilini inashuka ghafla, na kushuka huko kunaamsha kipandauso, kwa hiyo kinahusiana mwanangu, kinahusiana sana. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mwanamke mwenye kipandauso chenye zile dalili za macho hatakiwi kutumia vidonge vyenye estrojeni, miongozo ya Shirika la Afya Duniani inakataza moja kwa moja, kwa sababu vikikutana viwili hivyo hatari ya kiharusi inaongezeka. Usishtuke ukaanza kulia humo ndani, kwa mwanamke wa umri wako ambaye presha iko sawa na havuti sigara uwezekano wenyewe bado ni mdogo. Ila kwa nini ubebe hatari wakati njia zingine zipo na kwenye vituo vya serikali huduma ya uzazi wa mpango ni bure?

Kwa hiyo wiki hii, sio mwezi ujao, nenda kliniki ya uzazi wa mpango na pakiti yako mkononi, uwaambie maneno haya haya: nina kipandauso na kabla hakijaanza naona mametameta na nusu ya uso wa mtu siioni. Sema hivyo hivyo, ukisema tu "kichwa kinauma" watakuandikia pakiti nyingine. Kitanzi cha shaba hakina homoni yoyote na kinakaa miaka 10 na zaidi. Kijiti cha mkononi au sindano ya miezi mitatu havina estrojeni, kwa hali yako kwa kawaida vinaruhusiwa, mtachagua pamoja. Pakiti uliyonayo usiimalizie eti kwa sababu imeshalipiwa, ila na wewe usikae bila kinga, tumieni kondomu mpaka upate njia mpya. Mimba ya bahati mbaya kwa sababu ya safu ya Shangazi sitaki.

Tuje kwenye hicho kichwa cha pili, cha kila asubuhi. Hapa naona hutanipenda. Hizo panado za kila siku pamoja na sindano za diklofenaki ndo zinakitengeneza, kwa asilimia kubwa. Mtu mwenye kipandauso akimeza dawa za maumivu za kawaida siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu na kuendelea, ubongo unazoea, dawa ikipungua mwilini usiku asubuhi kichwa kinadai nyingine. Kwa zile zilizochanganywa na kafeini au kodini ni siku 10 tu zinatosha. Na kijana wa duka la dawa hawezi kukwambia hili maana wewe ni mteja wake mzuri (samahani kama ni ndugu yako). Diklofenaki mfululizo ina kesi yake nyingine kabisa, tumbo na figo, na mtu aliyewahi kuwa na pumu anatakiwa awe makini na kundi hilo lote la dawa, ibuprofeni na aspirini zikiwemo, maana kuna watu zinawaamshia pumu.

Kuziacha kuna wiki moja ngumu, wengine siku kumi. Kichwa kitazidi kwanza kabla hakijapungua, utaniona mimi ndo mchawi sasa, lakini baada ya hapo kinaanza kuachia kidogo kidogo. Bora ufanye hivyo ukiwa mikononi mwa daktari kuliko mwenyewe nyumbani, na uchague wiki za mbalamwezi ambazo boti haziingii na huna haraka ya ufukweni. Baada ya hapo dawa ya maumivu isizidi siku mbili kwa wiki.

Na siku mbili hizo zitumie vizuri. Kosa la wengi ni kusubiri, wanasema ngoja nione kama kitapita, wanakuja kumeza wakati wameshaanza kutapika. Kipandauso kikishika, tumbo linalala, dawa inakaa tu pale chini haiendi popote. Kwa hiyo kichwa kinapoanza tu kugonga, pale pale, parasetamoli gramu moja ambayo ni vidonge viwili vya miligramu 500, na maji, chai yenye sukari pia inasaidia, kalale gizani kama unavyofanya. Mweleze daktari kuhusu kutapika akupe na dawa ya kutuliza, metoklopramaidi kwa mfano, ikinywewa pamoja inasaidia hata ile ya maumivu iingie. Ikishindikana kuna dawa za kipandauso zenyewe, kundi la triptani, sumatriptani ndo inayojulikana zaidi, hizo ziandikwe na daktari na mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi haruhusiwi.

Kwa mtu ambaye kinamrudia rudia zipo pia dawa za kuzuia, unakunywa kila siku hata kama huumwi. Ya kawaida zaidi ni propranololi, ya presha hiyo, na hapa ndo hiyo pumu yako ya utotoni inakuwa muhimu kuliko ulivyofikiri, propranololi kwa mwenye pumu inaweza kubana kifua vibaya. Mtajie daktari pumu hata asipouliza. Nyingine ni amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, watu watakwambia hiyo ni ya vichaa, waache waseme, dozi yake hapa ni ndogo na kazi yake ni nyingine. Zote hizi usizihukumu kwa wiki moja, zinataka miezi miwili mpaka mitatu ndo uone.

Umesema ziwa lilipofungwa kile kikubwa kilipungua. Hapo umejijibu mwenyewe, ila nakuongezea. Wiki za giza, zile ambazo mbalamwezi haipo na boti zinaingia, unaamka saa tisa usiku kuwahi boti, unasimama tumbo tupu mpaka saa nane mchana, jua linakupiga machoni kutoka majini na kutoka kwenye mchanga, maji hunywi kwa sababu choo kiko mbali. Kukosa usingizi, kukosa chakula, kiu, mwanga mkali, kila kimoja peke yake kinaweza kukiamsha kwa mtu mwenye asili nacho, wewe unavikusanya vyote asubuhi moja. Mwaka ule ziwa limefungwa ulikuwa na shida ya hela lakini ulilala na ulikula saa ya kula. Sikwambii uache dagaa, utakula nini. Nakwambia kabla hujatoka kula kitu, hata kiporo cha ugali wa muhogo na chai, chupa ya maji iwe kwenye beseni, kofia pana, na wiki za giza ulale saa mbili usiku na watoto, hao mawifi wakisema umekuwa kuku wacha waseme.

Na daftari la wanaodaiwa unalo, najua, hakuna muuza dagaa asiyenalo. Geuza nyuma uandike kila kichwa kinapokuja: tarehe, saa, mametameta yalikuwepo au la, umetapika au la, umemeza nini vingapi, uko kwenye hedhi au vidonge vya kahawia, giza au mbalamwezi. Hata mwezi mmoja na nusu unatosha. Daktari akiliona hilo daftari ana kazi nusu, kwa sababu kipandauso kinajulikana kwa maelezo ya mgonjwa, hakionekani kwenye picha. Ungefika Mwanza ukapiga siti skani leo, kwa maelezo haya uliyonipa uwezekano mkubwa ingetoka safi, ungerudi Kigoma bila mtaji, na kichwa chako kikiwa kile kile. Anza hapo Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, muone daktari akupime presha tena, akuangalie macho kwa kile kitochi cha kuchungulia ndani, akupime nguvu za mikono na miguu. Akikuta kitu ambacho hakimkalii sawa yeye mwenyewe ndo atakuandikia picha, na hapo nenda bila kujiuliza.

Mumeo naye. Kichwa kinachagua siku ambazo yeye karudi, pengine kweli, maana akirudi ndo unapumzika baada ya wiki ya kukimbizana, na kipandauso kwa watu wengine kinasubiri hapo hapo mwili unapolegea. Msomee hiyo sentensi. Afu umwambie akienda Kalemie asikuletee vidonge vya kule eti ni vikali zaidi, wanaume wa safari wana huo ugonjwa wa kuleta dawa.

Nakuachia na haya ambayo hayasubiri daftari wala wiki za mbalamwezi. Kichwa kinachokupiga ghafla kikafika kileleni ndani ya dakika moja, kibaya kuliko vyote ulivyowahi kuumwa. Kichwa na homa na shingo imekakamaa. Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu ghafla tofauti na ile ganzi yako inayopanda polepole, maneno kutotoka, degedege, kuzimia. Kichwa baada ya kuanguka au ajali. Kichwa ambacho kila wiki kinazidi na hakiachii kabisa, kinachokuamsha usiku na ukikohoa kinazidi. Na siku ukiwa mjamzito, kichwa kikali na macho kuona ukungu, hiyo ni presha ya ujauzito mpaka ipimwe. Lolote katika haya likitokea, hata kama ni usiku wa manane, muamshe mama mkwe abaki na watoto, ita bajaji sio bodaboda maana unaweza kuanguka njiani, na uende moja kwa moja hospitali, usipite duka la dawa kwanza.